Barua ya wazi kwa Baraza la Chuo: jengo jipya na sura ya nne ya tasnifu

Mheshimiwa Mwenyekiti,
Waheshimiwa Wajumbe wa Baraza la Chuo,

YAH: JENGO JIPYA LA MAABARA NA MKATABA WA UTAFITI UNAOAMBATANA NALO

Tafadhali rejeeni kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mhadhiri wa kemia katika chuo mnachokisimamia, na ni mmoja wa wawakilishi wa watumiaji walioitwa kutoa maoni wakati jengo jipya la maabara lilipokuwa bado michoro mezani. Naandika hadharani baada ya kuandika faraghani mara tatu. Barua ya kwanza nilijibiwa kwamba imepokelewa na inafanyiwa kazi. Ya pili ilipelekwa kwa mkurugenzi wa miliki, naye akanielekeza kwa mshauri elekezi wa mradi, naye akanieleza kwa adabu kwamba yeye anawajibika kwa mteja wake, yaani chuo. Ya tatu haijajibiwa mpaka leo. Nimezunguka nikarudi mlangoni kwenu, na safari hii nabisha hodi wengine wakisikia.

Niseme mapema kwamba sina ugomvi na jengo. Tulilihitaji. Katika maabara ya zamani wanafunzi walikuwa wanafanya jaribio moja kwa makundi mpaka usiku, na ukifungua bomba moja la maji, la jirani linakauka. Wala sina ugomvi na viwanda. Utafiti wangu mwenyewe umewahi kulipiwa na kiwanda, nikachapisha nilichokiona, na tukaagana vizuri.

Ninachokilalamikia kiko kwenye namna mambo mawili yanavyofika kwenu. Jengo linapita Kamati ya Mipango na Majengo. Mkataba wa utafiti unapita Kamati ya Utafiti. Makabrasha mawili, siku mbili tofauti, wajumbe tofauti. Lakini mwenye fedha ni yule yule, kampuni ya rangi ambayo hapa nitaiita mfadhili, na vifungu vya hati hizo mbili vimeshikana mikono. Kamati moja ikivuta, nyingine inayumba, na hakuna kikao hata kimoja ambacho hati zote mbili zimewahi kuwekwa mezani kwa pamoja. Hoja zangu zote zinatoka hapo.

1. Hewa ya chumba cha mwisho, ghorofa ya pili

Chumba hicho kina makabati manne ya kuvuta mvuke, yale yenye kioo cha kupandisha na kushusha mbele, ambamo mwanafunzi anafanyia kazi na kemikali asizotakiwa kuzivuta. Fundi sanifu wetu amebandika kipande chembamba cha karatasi ya shashi kwenye ukingo wa chini wa kila kioo. Ni kipimo cha kimaskini, lakini hakidanganyi: hewa ikivutwa sawasawa, karatasi inalala kuelekea ndani. Ukifunga mlango wa chumba na kuwasha makabati yote manne, karatasi zinaning'inia wima kama bendera siku isiyo na upepo. Ukifungua mlango, zote nne zinainuka kwa pamoja.

Sababu yake haihitaji shahada. Kabati likitoa hewa nje, hewa nyingine lazima iingie chumbani kuchukua nafasi yake. Kwa kawaida hewa inapaswa kuingia kwenye mdomo wa kabati kwa kasi ya takriban mita 0.5 kwa sekunde, na makabati manne kwa kasi hiyo yanakula hewa nyingi sana. Katika michoro tuliyoisaini kulikuwa na feni ya kuingiza hewa safi pamoja na njia zake darini. Njia zimejengwa, ukitazama juu utayaona matundu yake, yamezibwa kwa bati na kupakwa rangi ya dari. Feni haipo. Iliondolewa kwenye mchanganuo wa kazi katika zoezi lililoitwa "kupunguza wigo", na sisi watumiaji tulilijua hilo siku ya kukabidhiwa funguo.

Kwa hiyo makabati yakiwaka chumba kinabaki kikijinyonya chenyewe. Mlango wake unafunguka kwa nje, na mtu aliye ndani anausukuma kwa bega. Wanafunzi wamepata dawa yao: wameuwekea tofali lililosazwa na mkandarasi ili ubaki wazi. Mlango huo ni wa kuzuia moto, una mkono wa kujifunga wenyewe, na uliwekwa pale makusudi ili siku ya moto moshi usitoke kwenda kwenye korido. Tumewekwa tuchague mojawapo. Mlango ufungwe tuvute mvuke, au ubaki wazi tuombe Mungu moto usitokee. Nimeliondoa tofali mara mbili kwa mkono wangu, na mara zote mbili nimelirudisha mwenyewe.

(Paa la upande wa nyuma nalo linavuja na ndoo iko pale. Hilo ni dogo, mkandarasi analijua na bado yuko ndani ya kipindi cha kurekebisha kasoro.)

Nawaomba msiyaone haya kuwa ni mambo ya mafundi. Mwishoni mwa mwaka 2008, katika maabara ya kemia ya UCLA nchini Marekani, mtafiti msaidizi mwenye umri wa miaka 23 aliungua vibaya akihamisha kemikali inayoshika moto ikigusana na hewa. Alifariki Januari 2009. Mwishoni mwa 2011 waendesha mashtaka wa Los Angeles walimfungulia mashtaka ya jinai profesa wake, na pamoja naye wakalishtaki baraza lenyewe la uongozi, Regents wa University of California. Mwaka 2012 mashtaka dhidi ya baraza yaliondolewa kwa makubaliano, na katika makubaliano hayo baraza lilikubali kuwajibika kwa hali ya maabara ile. Ajali yenyewe haikuhusu makabati. Ilihusu zaidi mafunzo na mavazi ya kujikinga. Naitaja kwa sababu ya jina lililoandikwa kwenye hati ya mashtaka.

2. Sura ya nne

Mwanafunzi wangu wa uzamivu, ambaye ameniruhusu niandike haya bila kumtaja, anachunguza rangi za kukinga kutu zinazopakwa ndani ya matangi ya maji ya kunywa. Sura ya nne ya tasnifu yake inapima kile kinachotoka kwenye rangi na kuingia majini pale maji yanapopata joto. Rangi ni ya mfadhili. Mkataba unampa mfadhili haki ya kuyapitia matokeo kabla hayajachapishwa.

Haki hiyo siipingi. Katika nchi nyingi, uvumbuzi ukishatangazwa kabla ya kuombewa hataza, yaani hati ya kisheria ya kumlinda mvumbuzi, unahesabika si mpya tena, na hataza haipatikani. Mfadhili anastahili wiki kadhaa za kuangalia kama kuna cha kuombea. Mwaka 1999 taasisi za taifa za utafiti wa afya za Marekani, NIH, zilipotoa mwongozo kwa wanaopokea fedha zake, zilitaja siku 30 hadi 60 kuwa ni ucheleweshaji wa kiasi. Mkataba wetu hauna siku. Unasema matokeo yatasubiri "hadi pande zote zitakaporidhika".

Sura hiyo iko kwa mfadhili tangu mwaka jana wa masomo. Hamna uvumbuzi ndani yake, Mheshimiwa Mwenyekiti. Kuna jedwali la vipimo, mchoro mmoja, na maelezo ya jinsi sampuli zilivyochukuliwa. Hakuna cha kuombea hataza hapo. Wakati huo huo mwanafunzi hawezi kutetea tasnifu yake, kwa sababu kwa kanuni za chuo utetezi ni wa wazi, na mkataba unahesabu utetezi wa wazi kuwa ni kuchapisha. Ada anaendelea kulipa. Kila muhula anajaza fomu ya kuomba kuongezewa muda, na mimi ndiye ninayeandika sababu. Muhula uliopita niliandika "maandalizi ya mwisho". Niliandika uongo kwenye karatasi ya chuo, na saini ni yangu.

Vipimo vyetu vinaweza kuwa na kosa. Inawezekana kabisa kwamba mtafiti mwingine, kwa mashine nzuri kuliko yetu, atapata tarakimu ndogo zaidi na rangi itaonekana haina tatizo. Lakini atafanyaje hivyo kama hajui kwamba tumepima?

3. Kifungu kinachoziunganisha hati mbili

Hati ya msaada wa ujenzi, ambayo iliambatanishwa kwenye kabrasha la wawakilishi wa watumiaji, inasema fedha zitatolewa kwa awamu nne, kila awamu "kwa kuzingatia mwenendo wa kuridhisha wa ushirikiano wa utafiti". Neno ni lile lile: kuridhisha. Awamu ya tatu ilichelewa. Ilipochelewa, Kamati ya Mipango na Majengo ilikaa ikapunguza wigo, na feni ikaondoka na wigo. Awamu ya nne bado haijatolewa.

Sisemi kwamba kampuni ilizuia awamu ya tatu kwa ajili ya sura ya nne. Nasema hati zimeandikwa kwa namna ambayo mkuu yeyote wa chuo, akiombwa amtetee mwanafunzi mmoja dhidi ya mfadhili, kwanza ataangalia mkandarasi anadai kiasi gani. Hahitaji kupigiwa simu na mtu. Hesabu ataifanya mwenyewe.

Yamewahi kutokea kwingine, tena kwa wakubwa kuliko sisi. Katikati ya miaka ya 1990, Dkt. Nancy Olivieri, bingwa wa magonjwa ya damu katika Hospital for Sick Children mjini Toronto, alikuwa akiijaribu dawa ya deferiprone kwa wagonjwa wa thalasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi, kwa ufadhili wa kampuni ya Apotex. Alipoona dalili kwamba dawa ina matatizo na akataka kuwaeleza wagonjwa wake, kampuni iliyasitisha majaribio mwaka 1996 na kumtishia kumpeleka mahakamani kwa kifungu cha usiri alichokuwa amekisaini. Kipindi hicho hicho University of Toronto, alikokuwa akifundisha, ilikuwa katika mazungumzo na kampuni hiyo hiyo juu ya mchango mkubwa wa kujenga kituo cha utafiti wa tiba. Mwaka 1999 rais wa chuo aliiandikia serikali ya Kanada kuhusu kanuni za hataza za dawa ambazo kampuni ilikuwa inazipinga, kisha ikabidi aombe radhi. Uchunguzi huru ulioitishwa na chama cha wahadhiri wa Kanada ulitoa ripoti mwaka 2001, na ripoti ikamsafisha Olivieri.

Katika kisa kile hakuna aliyelazimika kuthibitisha kwamba jengo ndilo lililowatia ububu wakubwa wa chuo. Jengo lilikuwa mezani, na kuanzia hapo kila neno walilolisema, hata la haki, lilisikika kama bei.

4. Mjumbe aliyebaki ndani

Hili ni fupi. Mjumbe mmoja wa Kamati ya Utafiti ni mshauri wa kulipwa wa mfadhili. Muhtasari wa kikao unaonyesha alilitangaza hilo mwanzoni, akapongezwa kwa uwazi wake, kisha akabaki, akachangia, akapiga kura. Kutangaza maslahi ni hatua ya kwanza. Ya pili ni kutoka nje.

Najua baadhi ya majibu yanayokuja, kwa kuwa nimeshayasikia kwenye korido.

Mtasema bila mfadhili jengo lisingekuwepo. Ni kweli, na mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini mfadhili ametoa fedha za kujenga. Ardhi ni ya umma. Umeme wa feni, mafundi wa lifti, rangi ya kila baada ya miaka michache, na siku moja kubomoa, vyote vitalipwa na chuo cha umma kwa miongo yote ambayo jengo litasimama. Katika safari ndefu namna hiyo aliyelipia hatua za mwanzo anastahili shukrani na kibao ukutani, na vyote viwili amepewa.

Mtasema ni siri za kibiashara. Mwaka 1998 University of California, Berkeley, iliingia mkataba na kampuni ya Novartis: dola milioni 25 kwa miaka 5, kwa idara moja tu ya baiolojia ya mimea na vijidudu. Kampuni ilipata haki ya kwanza ya kujadili leseni ya takriban theluthi moja ya uvumbuzi wa idara, na viti 2 kati ya 5 kwenye kamati iliyogawa fedha za utafiti. Mimi nisingeusaini mkataba ule. Lakini masharti hayo nayajua leo kwa sababu yaliwekwa wazi, wahadhiri wakagombana juu yake hadharani, na tathmini ya nje ikafanywa na watafiti wa Michigan State University, ikatolewa mwaka 2004. Wenzetu waligombana wakiwa na karatasi mkononi. Sisi tunanong'onezana kwenye ngazi.

Mtasema Baraza haliingilii utendaji wa kila siku. Sawa kabisa, na ingekuwa ni menejimenti iliyoiondoa feni ningeandika kwa menejimenti. Uamuzi wa kupunguza wigo ulipitishwa na kamati yenu. Mkataba usio na siku ulipitishwa na kamati yenu nyingine.

Na kuna watakaosema nina kinyongo kwa kuwa nilinyimwa ofisi kwenye jengo jipya. Ni kweli nilinyimwa. Naomba nisipewe.

Ninachokiomba, nakiomba kabla ya kikao chenu cha kawaida kijacho kumalizika:

(a) Feni ya kuingiza hewa irudishwe kwenye mradi, kwa fedha za chuo ikibidi. Mpaka itakapofungwa, makabati manne yasitumike kwa kemikali zenye sumu, na mlango uondolewe tofali. Kisha kila kabati lipimwe na mtu asiye mkandarasi wala mshauri wa mradi, na tarakimu zake zibandikwe juu ya kioo chake. Tafadhali msimkate mkandarasi fedha za dhamana kwa ajili ya feni. Mlimwambia asiiweke, naye akatii. Zishikilieni kwa ajili ya paa.

(b) Mkataba wa utafiti uwekewe ukomo wa siku 60 za mfadhili kupitia matokeo, na ukomo ukipita bila jibu ihesabike ameridhia. Tasnifu ya mwanafunzi isiwe chini ya ridhaa ya mfadhili kwa namna yoyote. Na matokeo yanayogusa usalama wa watu, kama ya maji ya kunywa, mamlaka husika ziarifiwe bila kusubiri siku hizo 60.

(c) Maneno "mwenendo wa kuridhisha wa ushirikiano wa utafiti" yafutwe kwenye hati ya ujenzi. Mfadhili akikataa, Baraza lituambie hivyo kwa maandishi. Nitalielewa jibu hilo, na naamini wenzangu wataelewa pia.

(d) Hati zote mbili ziwekwe maktaba, kanuni za kutengeneza rangi zikiwa zimefunikwa kwa wino mweusi. Mengine yote yasomeke.

(e) Mjumbe mwenye mkataba na mfadhili asikae kwenye ajenda inayomhusu mfadhili, na kura yake ya awali ijadiliwe upya.

Kuanzia (f) ningeweza kuendelea, lakini matano haya yanatosha kwa kikao kimoja.

Nafahamu kwamba kikao hicho kitakuwa cha kwanza kufanyika ndani ya jengo jipya, ghorofa ya nne, kwenye ukumbi wenye jina la mfadhili. Chumba ninachokisema kiko ghorofa mbili chini yenu, mwisho wa korido, upande wa kushoto. Fundi sanifu atakuwepo siku hiyo tangu asubuhi. Nimemwomba asizibandue zile karatasi.

Wenu katika utumishi,

Mhadhiri, Idara ya Kemia
(jina langu liko kwenye barua tatu mlizonazo)

Nakala:
Makamu Mkuu wa Chuo
Seneti ya Chuo
Serikali ya Wanafunzi
Ubao wa matangazo, ghorofa ya pili